Kahawa hii imetoka shamba gani? Ulaya inataka kujua

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au Nyeri amezoea maswali mawili anapofikisha mzigo kwenye ushirika: kilo ngapi, na zimeiva sawasawa? Sasa kuna la tatu: shamba lako liko wapi kwenye ramani?

Swali hilo linatoka Umoja wa Ulaya. Sheria yake ya mwaka 2023 inakataza kahawa, kakao na bidhaa nyingine kadhaa zilizotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kila shamba lionyeshwe kwa GPS: la zaidi ya hekta 4 lichorwe mipaka, dogo linatosha nukta moja. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maandalizi hayawezi kungoja siku ya mwisho.

Faida iko wapi?

Mwaka 2018 nchini Marekani, watu 210 waliugua na 5 wakafa kwa kula saladi ya letusi yenye bakteria wa E. coli. Shamba husika halikujulikana haraka, hivyo walaji wakaambiwa waache letusi yote ya aina ya romaine ya eneo la Yuma. Wakulima wasio na kosa nao wakaumia.

Kumbukumbu za kidijitali zinapunguza balaa kama hilo. Katika majaribio ya kampuni ya Walmart, kutafuta chanzo cha embe kulishuka kutoka karibu siku 7 hadi sekunde 2.2.

Nani analipa?

Hapo ndipo penye utata. Lazima mtu azunguke shamba kwa shamba na simu janja, bando na chaji. Sheria inamdai mwagizaji wa Ulaya taarifa, lakini haimlazimishi kumlipa mkulima kwa kazi ya kuzikusanya.

Tena, kahawa ya wakulima wengi huchanganywa kiwandani. Shamba moja likikosa vigezo, mzigo mzima unaponzeka.

Taarifa ni za nani?

Ramani ikibaki kwa mnunuzi mmoja, ni vigumu kumkimbia hata akishusha bei. Ikitunzwa na ushirika, inaweza kuonyeshwa kwa mnunuzi yeyote.

Kwa hiyo kabla shamba halijapimwa, mkulima aulize mapema: gharama ni ya nani, taarifa zitakaa wapi, na je, atapewa nakala yake?