Akamwani Haiondoi Zebaki

Kwetu Buganguzi, wilayani Muleba, mgeni anawekewa akamwani: buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikaanikwa juani, anazitafuna huku maongezi yanaanza. Siku hizi nasikia, hata humu chuoni, kwamba zinasafisha sumu kwa vijana waliorudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita. Sehemu ya maneno hayo ni kweli.

Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma ule mchanganyiko. Zebaki inaruka kama mvuke, na mchomaji anaivuta. Ndani ya mwili inang'ang'ania salfa, na salfa ipo kwenye glutathioni, kinga ambayo seli hujitengenezea yenyewe. Ikishikwa na zebaki, kinga hiyo haifanyi kazi tena. Oksijeni kali inakosa wa kuituliza, inaanza kuharibu kuta za seli. Hapo ndipo mimea inasaidia. Buni isiyokaangwa ina asidi ya klorojeni kwa wingi. Mapera yana vitamini C. Zote huituliza oksijeni hiyo, na kwa panya wa maabara vitu vya namna hii vimepunguza madhara ya metali nzito kwenye ini na figo.

Ila zebaki yenyewe bado imo! Hospitalini huanza kwa kumwondoa mtu kwenye chanzo; ikibidi, hupewa dawa kama DMSA, inayoshika metali na kuitoa kwa mkojo. Buni haina uwezo huo.

Tena kwa risasi (namaanisha metali, si ya bunduki) kahawa inaweza kukugeuka. Mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi, na kahawa au chai ikinywewa pamoja na mlo huzuia chuma cha maharage kuingia mwilini. Fikiria mama mjamzito anayekula udongo wa pemba uliochimbwa karibu na machimbo. Huyo namshauri aache udongo, ale ndizi na maharage, ashushie pera, kahawa isubiri.

Na mchomaji? Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini kinachomfaa leo ni retorti, chombo kilichofunikwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Anaitumia tena, hela ya kununua nyingine inabaki mfukoni.