Kosa Nalo ni Jibu

Mhasibu wa shule anapakia faili lenye mistari 400 ya malipo ya karo. Kwenye mstari wa 17 mtu ameandika "elfu hamsini" kwa maneno. Programu inasimama papo hapo, na mistari 383 iliyobaki haijaguswa.

Wapo waandishi wa programu wanaokwepa aibu hiyo kwa kuiruka kimyakimya mistari mibovu. Hilo kwangu ni baya zaidi: mtoto aliyelipiwa anarudishwa nyumbani kuleta karo, na hakuna anayejua jina lake limepotelea wapi.

Wanaoandika programu kwa mtindo wa kifunksheni wana njia nyingine. Kwao kosa ni jibu kama majibu mengine. Hubebwa pamoja na sababu yake hadi mwisho wa kazi. Katika lugha ya Haskell, iliyozaliwa mwaka 1990, majibu ya namna hii huwekwa kwenye aina iitwayo Either, yenye pande mbili: Left, yaani kushoto, na Right, kulia. Kwa desturi kosa hukaa kushoto na jibu zuri kulia. Kwa Kiingereza neno hilo la kulia ndilo pia la usahihi. Sisi tuliofundishwa mkono wa kulia ndio wa kulia chakula hatupati shida kukumbuka.

Kila mstari hupita kwenye funksheni moja ya ukaguzi, ukatoka ama Right 50000, ama Left yenye maelezo: mstari wa 17, kiasi si tarakimu. Orodha inabaki na vitu 400 vilevile. Hapo ndipo funksheni ya Haskell iitwayo partitionEithers huipokea na kurudisha orodha mbili, makosa kwanza kisha majibu, mpangilio wa awali ukiwa haujavurugwa. Lugha ya Scala ina partitionMap kwa kazi hiyohiyo tangu toleo la 2.13, mwaka 2019.

Tahadhari moja. Haskell ina pia funksheni iitwayo sequence, ambayo ikipewa orodha hiyohiyo hurudisha kosa la kwanza peke yake. Inafaa pale hatua moja inapoitegemea nyingine: fedha zisipotoka akaunti hii, zisiingie ile. Lakini karo ya Juma haiitegemei karo ya Asha. Mhasibu anastahili malipo 397 yaliyoingia, na mistari 3 mibovu yenye sababu zake, awapigie wazazi kabla ofisi haijafungwa.