Anayesikiliza Pumzi za Rota

Kijana aliyeleta gari alitaka jibu moja tu: lini injini yake itafika nguvu-farasi 400? Fundi hakumjibu. Alifungua boneti la ile Mazda RX-7 ya mwaka 1989, akachomoa fyuzi ili petroli na moto visifike, akang'oa plagi moja ya rota ya mbele, kisha akasema, "Kanyaga mpaka mwisho, piga stata."

Injini ikatoa sauti ambayo sijapata kuisikia penginepo: pu-pu-pu, pu-pu-pu, za haraka, zimelingana. Fundi akaitikia kwa kichwa, akahamia rota ya nyuma. Huko ikasikika pu moja nzito, kisha fyu, fyu. Pu, fyu, fyu. Akanyoosha mkono stata iachwe.

"Sili imekwenda. Moja."

Nilikuwa nimefika kwenye magereji ya Wadi Kabir, Muscat, kuandika habari za mafundi wenye asili ya Unguja, wanaogombana na kutaniana kwa Kiswahili huku simu za wateja wakizijibu kwa Kiarabu. Makala hiyo sijaiandika bado. Nilishikwa na swali jingine: sili moja inawezaje kuua pumzi mbili?

Fundi (nitamwita hivyo tu, kwa kuwa hakutaka jina lake gazetini) alinivuta hadi kwenye meza yenye rota iliyofunguliwa. Injini hii haina pistoni wala vali. Ina rota ya pembe tatu, mbavu zake zimetuna, inayozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni. Kila pembe ya rota imechongwa mfereji, na ndani ya mfereji umelala ufito mmoja, ndiyo sili yenyewe: urefu milimita 80, unene milimita 2. Springi nyembamba iko chini yake, inausukuma uguse ukuta muda wote. Alinipa niushike. Ukiubana kwa vidole viwili unahisi makali yake, lakini uzito karibu hakuna. Rota moja ina fito tatu, injini nzima sita, na kila kitu kinachoitwa nguvu katika gari hili kinapita juu ya hizo sita.

"Sasa tazama," akasema, akiweka kidole kwenye ncha moja. Huku kuna chumba, na huku kuna chumba. Kimoja kinavuta hewa, kingine kinabana na kuchoma, cha tatu kinatoa moshi, na rota ikizunguka vinapokezana. Ufito ndio ukuta kati ya majirani wawili. Ukivunjika mmoja, vyumba viwili vinavuja pamoja. Cha tatu, kilichobaki kati ya fito mbili nzima, hakijui lolote. "Ukuta mmoja, vyumba viwili. Ndiyo maana umesikia pu moja."

Baada ya sikio huja geji. Sikio linamwambia wapi, geji inamwambia kiasi gani. Chumba kikisoma presha ya zaidi ya pauni 100 kwa inchi ya mraba, ana amani. Kikishuka chini ya 85, anafungua injini, na hapo habishani na mtu.

Historia ya injini hii wapenzi wa magari wanaijua. Wazo ni la Mjerumani Felix Wankel. Mazda wakapata leseni mwaka 1961, na wahandisi chini ya Kenichi Yamamoto wakahangaika na fito hizihizi, zilizokuwa zikitetemeka na kuacha ndani ya nyumba michirizi ambayo Wajapani waliiita kucha za shetani. Mwaka 1967 Cosmo Sport ikauzwa. Mwaka 1991 gari la rota nne, 787B, likashinda Le Mans. Iliyobaki mikononi mwa watu kama kijana huyu ni injini ya 13B: rota mbili za cc 654 kila moja, na tabo, feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini.

Tabo ndiyo iliyomponza. Alinunua ekzosi pana, jambo ambalo kwenye magari mengi huleta kelele na furaha tu. Kwenye RX-7 ya umri huu, moshi ukipata njia pana tabo huongeza kasi, na kilango cha kupitishia moshi wa ziada ni kidogo mno kuuhimili. Presha inapanda yenyewe. Kiwanda kilijikinga: presha ikizidi kipimo, kompyuta hukata petroli na gari hushtuka kama limegonga kitu. Kijana akaona kero, akafunga kifaa cha kuidanganya kompyuta. Basi hewa ikaendelea kuongezeka, petroli ikabaki ileile. Mchanganyiko mkavu ukapata joto, ukalipuka kabla ya wakati wake, na ufito wa milimita 2 hauna pa kukimbilia. Vipande vikitoka na moshi, huenda moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo.

"Ami, mimi nilidhani ni hitilafu," kijana alisema.

"Kilichokukera, mwanangu, ndicho kilichokuwa kikikuokoa."

Kwa hiyo Fundi huanzia pale wengine wanapomalizia. Kwanza kilango kipanuliwe. Kisha oili, kwa sababu ndiyo inayopoza rota kutoka ndani: rejeta ya oili iwe kubwa na ipate upepo. Kipoza hewa kikae mbele. Pampu, nozeli, kompyuta inayopangika. Presha huja mwisho kabisa. Na gari halipimi usiku, ingawa kuna ubaridi na hewa nzito inayotoa namba za kujivunia. Hulipima Julai, saa saba mchana, joto limepita nyuzi 40. Mwenye gari ataendesha katika joto hilo, basi plagi ziwashwe na petroli imwagwe kwa kuliheshimu.

Kuna mambo ambayo hata kwake hayana mwisho. Injini hii hula oili kwa makusudi. Kipampu kidogo huidondosha ndani ili fito zisikauke. Wapo mafundi wanaoking'oa na kuchanganya oili ya tu-stroki ndani ya tangi. Yeye hukiacha kipampu, na oili ya tangini huichanganya pia. Nilimwuliza ana ushahidi gani kwamba inasaidia.

"Sina. Nina injini ambazo hazijarudi."

Niliporudi siku nyingine, injini ya kijana ilikuwa mezani. Fundi alipitisha ukucha ndani ya nyumba ya rota ya nyuma, ukakwama karibu na tundu la moshi: kromu imekwaruzwa. Nyumba hii haichongwi ikatiwa saizi kubwa, kama silinda ya pistoni. Mazda wamerudi kutengeneza baadhi ya vipuri vya RX-7, lakini bei ilimfanya kijana anyamaze, kisha akauliza kama nyumba ya zamani inaweza kurudishwa na fito mpya. Fito zipi? Zipo zinazopinda badala ya kuvunjika, ila hula kromu. Zipo zinazoihurumia kromu, na siku ya mlipuko hupasuka.

Fundi alimwambia kweli: itawaka, geji itasoma vizuri, na muda itakaoishi hawezi kuuahidi. Kijana ameomba hadi mwisho wa mwezi. Kuhusu 400 hajauliza tena, na Fundi ameshamwambia kwamba vyovyote atakavyoamua, presha itabaki ya kiwandani mpaka injini ipite kiangazi kizima bila mlipuko wa aina ile.