Nyoka wa Mtini katika Mapori ya Mishamo

Apitaye katika mapori ya Mishamo, mkoani Katavi, huona miyombo na mininga, na juu ya matawi mizinga ya nyuki iliyotundikwa. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi. Mrina asali apandapo mti katika mapori ya namna hii hayuko peke yake. Huko juu huishi nyoka ambaye Makaburu wa Afrika Kusini humwita boomslang, maana yake nyoka wa mti. Nao wataalamu humwita Dispholidus typus.

Atakaye kumwona asitumie macho tu, bali asikilize. Ndege wadogo wakimgundua humzunguka na kumpigia kelele kali. Hapo na usimame mbali, utazame kwa subira. Utaona tawi, kisha utatambua kuwa tawi lile lina jicho, tena jicho kubwa kuliko ulivyotazamia kwa kichwa kidogo kama kile. Dume aghalabu ni wa kijani, na jike ni wa rangi ya udongo. Hunyoosha shingo hewani akatulia kimya akimvizia kinyonga. Hula pia makinda na mayai ya ndege. Akimwona mtu hupenda kukimbia. Lakini akibanwa huvimbisha shingo, na hiyo ndiyo ilani yake ya mwisho.

Meno yake ya sumu hayako mbele ya kinywa, bali nyuma, chini ya jicho. Kwa sababu hiyo hata mabingwa walimdharau. Mwezi wa Septemba, 1957, bingwa wa nyoka Karl Schmidt wa mji wa Chicago, Marekani, aliletewa nyoka mchanga wa namna hii ili amtambue. Akaumwa kidole gumba, na jino moja tu likaingia. Hakwenda kutafuta tiba, bali aliketi akaandika yale aliyoyahisi mwilini. Siku ya pili yake alifariki kwa kuvuja damu.

Sumu hiyo huiharibu damu isiweze kuganda, nayo hufanya kazi yake polepole. Mtu aweza kukaa saa nyingi akijiona mzima, kisha fizi na pua zikaanza kutoka damu. Dawa yake ni ya pekee, hutengenezwa Afrika Kusini, na dawa ya nyoka wengine haifai kitu kwake.

Basi, enyi vijana, msimshike nyoka wa mtini hata akionekana mpole. Nanyi wazazi, mtoto akiumwa msichanje jeraha wala msifunge kamba. Atulizwe, apelekwe hospitali upesi, na aangaliwe huko siku nzima au zaidi, ijapokuwa hasikii maumivu.

Kumtazama kiumbe wa Mwenyezi Mungu ni elimu. Kumchezea ni ujinga. Mwacheni katika mti wake, nanyi rudini nyumbani salama.