Tiger Ilale Nje

Oya machalii wa Piyaya, leo tupige stori ya Tiger, ile jenereta ndogo inayofungwa nyuma ya pikipiki hadi kijijini. Ikiwaka tu, mambo yanakuwa fiti: kinyozi anachonga panki, simu za morani zinajaa chaji, jioni mbogi nzima inacheki gemu. Lakini ina kipimo chake, na hapo ndipo wengi wanazingua.

Tiger ya modeli ya TG950 inatoa wati 650; 800 ni za kujikaza kwa muda mfupi tu. Halafu mwinuko nao unaikata pumzi: kila mita 300 ukipanda, injini inapoteza asilimia 3 na ushee ya nguvu. Kwa mfano, Karatu mjini ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pale unabaki na wati 550 hivi.

Piga hesabu sasa. Tivii ya inchi 32 ni wati 50 au 60, king'amuzi 15, sabufa 50, taa tatu za LED hazifiki 30. Ongeza mashine ya kunyolea na simu kumi, bado mnakula bata. Pasi inataka 1,000, jagi la umeme 1,500 na zaidi: hizo sahau kabisa. Friji ndogo ndiyo mjanja. Ikishatulia inakula kama 100, ila kompresa ikianza inavuta mara tatu au zaidi. Iwashe ya kwanza, peke yake, vingine vifuate. Ukisikia mlio unazama na taa zinafifia, chomoa kitu fasta, mota ya friji isije ikaungua.

Wese lake ni petroli lita moja kwa oili ya tu-stroki mililita 20. Kabla ya kuongeza, zima na usubiri ipoe, maana tone likigusa bomba la moto linaweza kulipuka.

Noma yenyewe ni moshi. Una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nyumba aliyoijenga yeyo, yaani mama, kwa fito, udongo na samadi ina vitundu vidogo tu vya hewa, na usiku wa mvua mtu anatamani kuiingiza Tiger ndani isilowe wala kuibwa. Usithubutu, mwanangu! Mlangoni pia hapana. Iweke mita 6 au zaidi kutoka nyumba yoyote, bomba likitazama porini, na uijengee paa la bati lililo wazi pande zote. Kichwa kikigonga, kizunguzungu na kichefuchefu vikikupata huku mashine inanguruma, msikae mkidhani ni malaria. Tokeni wote nje, watoto kwanza, mashine izimwe, na aliyezidiwa akimbizwe zahanati usiku uleule.