Safari ya Dakika Mbili

Wengi wetu chamani tumezoea kuhesabu umbali kwa saa: kutoka London kwenda Nairobi kuwaona bibi na babu ni zaidi ya saa nane angani. Tulipotafuta safari fupi kuliko zote za ndege zenye ratiba duniani, tuliikuta hapa hapa Uingereza.

Iko kaskazini mwa Uskoti, katika visiwa vya Orkney. Ndege ndogo ya pangaboi, ya abiria wasiozidi tisa, huruka kutoka Westray hadi Papa Westray, kilomita 2.7 tu. Umbali huo unakaribia urefu wa njia ya kurukia ndege ya Edinburgh. Ratiba inasema dakika mbili, lakini upepo ukiwa mzuri na rubani asipolazimika kuzunguka kabla ya kutua, muda hupungua. Rekodi ni sekunde 53.

Kwa nini mtu apande ndege kwa mwendo wa nusu saa kwa miguu? Kwa sababu katikati kuna bahari, na bahari ikichafuka boti hukwama. Papa Westray ina wakazi wasiofika mia moja. Tangu 1967 safari hii imewavusha walimu, wanafunzi na wagonjwa, na ndege hiyo hiyo huwafikisha Kirkwall, kwenye hospitali na maduka makubwa.

Watalii huipanda wapate cha kusimulia. Wenyeji huipanda ili waendelee kuishi kwao. Basi anayeuliza faida ya safari ya dakika mbili asihesabu kilomita pekee. Aulize pia: ikifutwa, nani atabaki kisiwani?