Hiroshima kwa Mgeni Anayetoka Likasi

Hiroshima, mji wa bandari wenye wakazi wapatao milioni 1.2 uliojengwa kwenye delta ya mto Ota, yaani uwanda wa mchanga na matope ambapo mto hugawanyika matawi kabla ya kuingia baharini, ni miongoni mwa miji ya pwani ya Japani inayopendwa sana na watalii. Masimulizi anayopewa mtalii huko huanzia angani, ndege ya Marekani ilipoangusha bomu la atomiki saa 2:15 asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, ilhali historia ya bomu hilo ilianzia ardhini, katika mgodi wa Shinkolobwe, kilomita zipatazo 20 magharibi mwa Likasi, mji wa eneo la Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Miamba ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Rich Sharp, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuichimba mwaka 1921 kwa ajili ya radi, madini adimu yanayotoa mnururisho, ambayo wakati huo yalitafutwa sana kwa matibabu ya saratani. Urani iliyoandamana nayo haikuwa na soko kubwa, hadi wanasayansi walipotambua kwamba kiini cha atomu yake kinaweza kupasuliwa na kutoa nishati isiyo na kifani. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe hayo, ambayo kiwango chake cha oksidi ya urani kilikaribia asilimia 65 ilhali migodi mingi haifikishi hata asilimia 1, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka hapo, nayo ilikuwa imepitia mikononi mwa wafanyakazi Wakongo walioichimba na kuichambua bila kuambiwa inakwenda wapi.

Kivutio kinachojulikana zaidi mjini humo ni Kuba la Bomu la Atomiki, gofu la jengo la maonyesho ya biashara lililosanifiwa na Jan Letzel wa Bohemia na kukamilika mwaka 1915, mwaka uleule wa ugunduzi wa Shinkolobwe. Bomu lililipuka mita zipatazo 600 juu ya ardhi, na jengo hilo lilikuwa mita zipatazo 160 tu kutoka mahali palipokuwa chini ya mlipuko. Kwa kuwa wimbi la shinikizo lilishuka karibu wima, baadhi ya kuta na mifupa ya chuma ya kuba vilibaki vimesimama, ingawa wote waliokuwamo waliangamia. UNESCO iliingiza gofu hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996.

Ng'ambo ya mto kuna Bustani ya Kumbukumbu ya Amani, iliyosanifiwa na Kenzo Tange hivi kwamba anayesimama mbele ya mnara wa marehemu huona kwa mstari mmoja mwali uliowashwa mwaka 1964, utakaozimwa siku silaha za nyuklia zitakapokwisha duniani, na nyuma yake lile kuba. Jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1955, linastahili saa nyingi kuliko mahali pengine popote mjini, kwa sababu linaonyesha vitu vya watu wa kawaida: saa iliyosimama wakati wa mlipuko, baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto mdogo, na ngazi za mawe za benki zenye alama ya kivuli cha mtu aliyekuwa ameketi. Watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kufikia mwisho wa mwaka 1945. Mgeni mwenye siku ya ziada huvuka kwa feri hadi kisiwa cha Miyajima, ambako lango kubwa jekundu la hekalu la Itsukushima husimama ndani ya bahari maji yanapojaa.

Ndani ya bustani hiyo pia kuna mnara wa Wakorea waliouawa na bomu, wengi wao wakiwa wameletwa Japani kufanya kazi wakati wa ukoloni. Ulijengwa mwaka 1970 nje ya bustani na kuhamishiwa ndani mwaka 1999 tu. Uhamisho huo unathibitisha kwamba mipaka ya kumbukumbu ya Hiroshima inaweza kupanuliwa, na ni haki kabisa wachimbaji wa Katanga watajwe humo. Shinkolobwe yenyewe haiwezi kuwa kivutio: mgodi ulifungwa karibu na uhuru wa 1960, uchimbaji wa mikono wa kobalti uliofuata ulipigwa marufuku mwaka 2004, mwaka ambao mashimo yaliporomoka na kuua watu, na mnururisho ungali katika udongo. Mnara wa wachimbaji ungefaa kujengwa Likasi mjini, mahali ambapo wajukuu zao wanaweza kuufikia bila hatari.